Vipembe vya Kok-sagiz

Usiniulize kok-sagiz inafananaje. Niulize ina ladha gani, hapo nitakujibu hata ukiniamsha usingizini. Sisi wa bonde hili chini ya Tian Shan mmea ule tuliujua kwa meno. Vuli ikifika, tukishateremka na mifugo kutoka malisho ya juu, wasichana tulikwenda kuchimba mizizi yake. Unauvunja mzizi, unauvuta taratibu, na ndani unatoka uzi mweupe unaonyumbuka. Unazikusanya nyuzi, unazitafuna mpaka zinashikana, na baridi yote una kitu cha kutafuna. Mama mkwe wangu, Kulzipa, alitafuna hata akiwa anakugombeza. Kwanza ulisikia mdomo unavyolia, halafu ndipo matusi yanafuata.

Basi serikali ikagundua kwamba ule uzi ni mpira. Mpira wa magurudumu, wa viatu, sijui wa nini. Tukaambiwa tuipande kok-sagiz shambani kama ngano. Mume wangu Imangazi akafanywa mkuu wa kikosi cha kok-sagiz katika shamba letu la pamoja, na mimi, mjinga mie, nikafurahi, kwa sababu mkuu wa kikosi haendi malishoni na tungekaa nyumba moja kiangazi kizima. Mbegu walizichuma wanawake mwishoni mwa kiangazi cha nyuma, mama mkwe akiwaongoza, na masika tukazipanda. Huo ulikuwa mwaka wa thelathini na nane. Watu wa umri wangu ukiwatajia mwaka huo wanageuza mazungumzo, wanakuuliza habari za mvua.

Mwanzo wa Julai alikuja mke wa Mukan. Mukan naye alikuwa mkuu wa kikosi kama mume wangu, katika shamba la ng'ambo ya kilima. Yule mama hakutaka kuingia ndani. Alisimama mlangoni, kilemba kimekaa upande, akatusimulia. Kozhakmet, ofisa wa wilayani, alifika kwao na gari. Aling'oa mmea mmoja, akauvunja mzizi mbele ya watu wote. Yakatoka maziwa, uzi hakuna. Akasema hii si kok-sagiz, ni bakbak.

Bakbak ni lile ua la njano linaloota popote, hata juu ya paa la banda la ng'ombe. Halina kazi. Kozhakmet akasema Mukan amepanda magugu kwa makusudi ili nchi ikose mpira, na hiyo ni hujuma. Wakampandisha kwenye gari akiwa na viatu vya shambani.

"Na nyie?" akaniuliza. "Ya kwenu mmeitazama?"

Alipogeuka tu, niliuacha unga kwenye beseni nikaenda shambani mbio. Mimea ilikuwa imelala chini, majani yametandazwa kwenye udongo, na huku na kule maua ya njano yameanza kufunguka. Niliyatazama yale maua nikajikuta siyajui. Nakwambia kweli, tangu nizaliwe sikuwahi kuwa bondeni mwezi wa Julai. Nani angekuwa? Julai kila mtu yuko juu na mifugo, mpaka watoto wachanga. Kok-sagiz tulikuwa tunaikuta vuli, imeshakauka majani, tunaichimba na kuondoka. Sura yake ya kiangazi hakuna aliyekuwa nayo kichwani.

Nikang'oa mmoja. Mzizi mwembamba, mkia wa panya mtupu. Nikauvunja. Maziwa. Nikauvuta taratibu, taratibu, nikiomba moyoni. Ukakatika. Nikang'oa mwingine, na mwingine, nikahamia upande wa pili wa shamba, nikang'oa tena. Maziwa matupu. Vidole vilikuwa vinanata.

Mama mkwe alikuwa kando ya shamba na kondoo wake. Kundi dogo la majike waliobakizwa ili wafanyakazi tupate maziwa, na yeye ndiye aliyewachunga, maana alikataa katakata kupanda juu na kumwacha mwanawe apikiwe na mimi peke yangu.

"Mama," nikamwambia, "uzi hakuna."

"Uzi gani tena?"

"Kwenye mizizi. Maziwa matupu."

"Vidole vyako havina nguvu. Ndiyo maana hata unga wako haukandiki. Lete hapa."

Akauvunja kwa vidole vyake vile vigumu. Akauvuta, ukakatika. Akatia mdomoni, akatafuna, akatema. "Mchungu," akasema. Akachukua mwingine, akatafuna kwa muda mrefu huku ameangalia mlima. Nikangoja anitukane. Hakunitukana, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Mama, zile mbegu mlizichuma wapi?"

"Umeniona kipofu?"

"Nauliza tu."

"Pale pale tunapochimba kila vuli, Ulbosin! Pale pale! Nimechimba pale tangu sijaota meno ya ukubwani, leo uje unifundishe wewe?"

"Mlichuma kwa kuangalia mahali, au kwa kuangalia maua?"

Akatema alichokuwa anatafuna. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Maua yalikuwa yameshapita. Yalikuwa manyoya meupe yanapeperuka. Manyoya ni manyoya, mwanangu. Na bakbak nayo ina manyoya."

Mwaka wote ule hakuwahi kuniita mwanangu. Nilitamani anirudishie ule ukali wake.

Imangazi aliporudi tulimwambia. Alikaa karibu na jiko bila kuvua kofia. Kumbe alikuwa na yake: amepata habari kwamba Kozhakmet atakuja kesho kutwa, na safari hii anamleta mtaalamu wa mimea kutoka Alma-Ata, mwanamke wa Kirusi.

"Mtaalamu ni wa nini," nikasema, "kama Kozhakmet mwenyewe anajua kuvunja mzizi?"

"Sijui."

"Basi uondoke. Mpaka wa China uko pale, nusu siku kwa farasi."

"Nikiondoka nimekiri. Watakuja kwenu nyie." Akanitazama. "Na wewe usiseme maneno hayo tena, hata kwa mbwa."

Chai ilipoa. Hakuna aliyegusa mkate. Ndipo mama mkwe akasema neno moja: "Kondoo."

"Kondoo wamefanyaje?" akauliza Imangazi.

"Kondoo wakiingia shambani wakala, watatazama nini? Mkuu wa kikosi ambaye shamba lake limeliwa na kondoo ni mzembe. Mzembe anafokewa, anavuliwa cheo, anapelekwa kuchunga ngamia huko. Mhujumu harudi. Mimi nataka wanangu waitwe wazembe. Nimezika wawili mwaka wa njaa, na wote walikuwa hodari."

"Hapana, mama."

"Imangazi."

"Nimesema hapana! Watu wameinama kwenye shamba lile tangu theluji iyeyuke. Nitasimama pale niseme tulichuma mahali petu pa siku zote. Basi."

"Haya," akasema mama mkwe. "Wewe ndiye mwenye nyumba."

Nilipaswa kujua palepale. Yule mwanamke akikubali upesi, ujue hajakubali.

Kulipopambazuka nilisikia Imangazi anapiga kelele, sauti ambayo sikuwahi kuisikia. Nikatoka bila viatu. Kondoo walikuwa wametapakaa shamba zima, wanatembea na kuuma, wanatembea na kuuma. Kondoo anaanza na maua, ndiyo matamu kwake. Ile njano yote niliyoiona jana ilikuwa imekwisha. Na mama mkwe amekaa juu ya jiwe, fimbo mapajani, anatazama kama mtu anayesubiri mkate uive.

"Mama, umefanya nini?" akasema Imangazi. "Umefanya nini?"

"Nilisinzia."

"Hukusinzia!"

"Mimi mzee. Nilisinzia. Na wewe ukiulizwa useme hivyo hivyo, na mkeo aseme hivyo hivyo." Akanigeukia. "Umesikia, we kasuku?"

Nikasema nimesikia. Imangazi aliwafukuza wale kondoo kwa mawe huku machozi yanamtoka, na nilikuwa na hasira na yule mama mpaka meno yananiuma, na papo hapo, nisiseme uongo, nilikuwa nashukuru. Nilidhani sasa hakuna cha kuonyesha. Nilidhani tumepona.

Walikuja kesho yake, jua limesimama. Kozhakmet alishuka kwanza. Huyu alikua pamoja na Imangazi, walichunga wana-kondoo pamoja, na mpaka mwaka jana alikuwa akimwita ndugu. Sasa akamwita raia.

"Raia Imangazi. Shamba limefanyaje?"

"Kondoo waliingia."

"Loo. Kondoo." Akatabasamu. "Wajanja sana hao kondoo."

Yule mtaalamu alikuwa mwanamke mnene, kofia ya majani makavu, magoti mabovu. Nina Savelyevna jina lake. Alikuwa anasema lugha yetu kwa kuivunjavunja, lakini alikuwa anaisema. Nikamkaribisha chai. "Chai baadaye," akasema, "kwanza shamba," na akapiga magoti kwenye udongo huku anaguna.

Kozhakmet hakumsubiri. Akang'oa mzizi, akauvunja juu ya vichwa vyetu ili kila mtu aone. Maziwa yakamtiririka kwenye kidole. Akauvuta. Ukakatika.

"Umeona, mama mtaalamu? Uzi hakuna. Kama kwa Mukan vilevile."

Nilimshika Imangazi mkono. Ulikuwa baridi, jua lote lile.

"Uzi utatoka wapi?" akasema Nina Savelyevna bila kuinua kichwa. "Mmea wa masika hii, sasa Julai. Bado mtoto. Uzi mpaka vuli. Sasa ukivunja, kok-sagiz na bakbak zote maziwa tu."

Wale wanawake waliokuja kutazama wakaacha kunong'ona. Mimi ilinichukua muda kuelewa, halafu nikaelewa yote kwa mpigo. Vuli! Mizizi yote tuliyoitafuna maisha yetu ilikuwa ya vuli, mizizi mizee. Hatukuwahi kuvunja mzizi mchanga hata mmoja. Nilimtazama mama mkwe. Alikuwa ameacha mdomo wazi.

"Sasa tutajuaje?" akauliza Imangazi.

"Ua," akasema Nina. "Nipe ua. Chini ya ua kuna vijani, majani madogodogo, vinashika ua namna hii." Akakunja vidole vyake kama kikombe. "Kok-sagiz, kila kijani kina kipembe kwenye ncha. Kidogo, kama cha mwana-mbuzi. Bakbak haina, laini tu. Nipe ua, nitasema mara moja."

Kozhakmet akazungusha macho shamba zima, polepole, kisha akacheka. "Ua," akasema. "Raia Imangazi, mpe mama ua."

Mama mkwe akaangusha fimbo, akapiga magoti, akaanza kutambaa.

Tukatambaa wote. Mimi, Imangazi, wanawake wa kikosi, na yule Mrusi na magoti yake. Tulipekua kila shina, na kila shina lilikuwa limeumwa juu, bua limebaki tupu lenye maziwa yaliyoganda. Wale kondoo walifanya kazi safi, Mungu awalaani. Nyuma yetu nilisikia kiberiti cha Kozhakmet, anawasha sigara. Nilikuwa nasema moyoni, moja tu, ua moja tu.

Nikaliona. Limebanwa chini ya donge la udongo, nusu limeliwa. Nikalikimbiza kwa Nina nimelikumbatia kwa mikono miwili. Akalitia chini ya kioo chake cha kukuzia.

"Laini," akasema. "Hii bakbak."

"Andika," Kozhakmet akamwambia dereva wake.

"Ngoja!" akasema Nina, kwa ukali. "Bakbak moja shambani ni gugu. Gugu liko kila shamba. Hata kwa ngano."

"Mama mtaalamu, hao watu wamekupa nafasi, wamekuletea ua, umesema mwenyewe ni bakbak. Unataka nini zaidi?"

Hakumjibu. Alichomoa pini kwenye nywele zake, akainama kwenye mmea mmoja, akaanza kufungua katikati ya majani, pale chini kabisa yanapotokea, penye udongo. Jasho lilikuwa linamdondoka puani. Akachokoa, akachokoa, na kwenye ncha ya pini kikatoka kitu cha kijani, kidogo kuliko punje ya dengu.

"Tumba," akasema. "Bado halijapanda juu. Kondoo hafiki hapa."

Akaweka kioo. Akatazama, akaligeuza lile tumba, akatazama tena, halafu akanivuta shingo, akaniinamisha pale. "Tazama wewe."

Nikatazama. Vipembe. Viwili, vitatu, vyekundu kidogo kwenye ncha, kila kijani na chake.

"Vipo," nikasema. Sauti ikanitoka kama ya mtoto. "Mama, vipo! Vina pembe!"

Akafungua mwingine, mbali na ule. Pembe. Akavuka hadi upande wa pili, akafungua. Pembe. Kila alipochokoa, pembe. Imangazi aliketi chini palepale alipokuwa, akaficha uso kwenye kofia, na mabega yakawa yanamtikisika. Wanawake wakaanza kucheka na kulia. Nina Savelyevna akapangusa mikono kwenye sketi.

"Kok-sagiz," akamwambia Kozhakmet. "Safi sana. Mizizi iko, majani yatarudi. Huu mmea wa miaka mingi, haufi kwa kuumwa. Vuli mtaona uzi."

Ingeishia hapo. Wallahi ingeishia hapo, tungekunywa chai wangeondoka. Lakini mama mkwe wangu alikuwa na mdomo, na mdomo wake haukuwahi kumwomba ruhusa. Alikuwa bado yuko magotini, uso umejaa vumbi, anafikiri. Akasema kwa sauti, mbele ya watu wote:

"Sasa Mukan alichukuliwa kwa kosa gani?"

Nilimwona Kozhakmet anabadilika rangi. Alimtazama Nina, akawatazama wanawake, kila mmoja, na sigara imesahaulika kwenye vidole. Wote tulikuwa tumesikia. Wote tulikuwa tumemwona anavunja mzizi na kusema kama kwa Mukan vilevile. Nikajua hapo, kabla hajafungua mdomo, kwamba mtu ataondoka na lile gari.

"Mbegu mwaka huu shamba hili litatoa?" akamuuliza Nina.

"Mbegu kidogo. Maua yameliwa."

"Maua yameliwa. Mali ya taifa imeliwa." Akaikanyaga sigara. "Mkuu wa kikosi, nani aliingiza kondoo hapa?"

Imangazi akasimama. Akavaa kofia yake. Alifungua mdomo, na mama mkwe akamtangulia.

"Mimi ndiye mchungaji. Nilisinzia."

"Mama—"

"Nyamaza wewe, mkubwa anaongea! Nilisinzia, mwanangu Kozhakmet. Mkwe wangu aliniona nimelala kwenye jiwe. Si ndiyo, Ulbosin?"

Wote wakanigeukia. Imangazi alinitazama kwa macho ambayo mpaka leo yananijia nikiwa nakanda unga. Nikisema hapana, ni hujuma, na hujuma ni ya mkuu wa kikosi. Yule mama naye alinikazia macho, yale yale ya kunisimamia jikoni.

"Ndiyo," nikasema. "Alikuwa amelala."

"Umeona," akasema mama mkwe. "Hata huyu leo kasema ukweli."

Akapandishwa kwenye gari pamoja na Nina Savelyevna, ambaye alikuwa anabishana kwa Kirusi bila kunyamaza. Kozhakmet akasema mama atakaa wilayani mpaka vuli. Uzi ukitoka kama mtaalamu anavyodai, atarudi. Nikakimbia ndani nikamletea koti lake la manyoya na mfuko wa kurti, zile jibini kavu anazozipenda. Akanusa mfuko. "Hizi za mwaka jana," akasema. "Zile mpya unamwekea nani?" Gari likaondoka nikiwa bado nimeshika mlango wake.

Kiangazi kile hatukuishi, tulihesabu majani. Yalirudi kama alivyosema, yakafunika udongo. Imangazi alikuwa analala shambani na mbwa wawili, hata ndege hakumruhusu kutua. Nami kila baada ya siku chache nilikuwa naiba mzizi, nauvunja nyuma ya nyumba. Maziwa. Maziwa. Nilianza kuota maziwa. Halafu asubuhi moja ya Septemba, umande umeganda, nikavuta na haukukatika. Ulinyumbuka. Nikauvuta mpaka mikono yangu ikaachana, na nyuzi nyeupe zikabaki katikati, nyingi, zinametameta. Nikapiga kelele mpaka majirani wakadhani kuna moto.

Imangazi alitaka kwenda mwenyewe. Nikamkatalia, mwanamume akiingia kwenye ofisi ile mwaka ule hakuwa na hakika ya kutoka. Nikajaza mfuko wa mizizi, nikapanda mkokoteni wa nafaka.

Kwenye meza ya Kozhakmet alikaa kijana mwingine, kola mpya. Nikamuuliza Kozhakmet yuko wapi. Akasema hapa hakuna mtu wa jina hilo. Nikamuuliza Nina Savelyevna, mtaalamu wa mimea. Akasema hilo jina nisilitaje. Basi nikamwaga mizizi mezani kwake, nikavunja mmoja, nikauvuta mbele ya pua yake.

"Hii ni kok-sagiz," nikasema. "Tazama. Imetoka uzi. Nimekuja kumchukua mama yetu, Kulzipa, mchungaji."

Akashika ule uzi akauvuta naye, akafurahi. Alikuwa kijana tu. Akanyanyuka akaniletea kiti. "Shamba lenu nalijua," akasema. "Ndilo bora wilaya nzima. Mumeo tutamtangaza, atapewa beji."

"Na mama?"

"Mama gani?"

"Aliyekamatwa Julai. Kondoo waliingia shambani."

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayezungumza na mgonjwa. "Dada yangu, shamba bora wilaya nzima litaingiwaje na kondoo? Hakuna kesi kama hiyo. Na kama hakuna kesi, hakuna aliyekamatwa. Sasa mimi nimwachie nani?"

Nilibishana naye mpaka akaacha kuniita dada. Nilizunguka nyuma kwenye lango la chuma, nikamwambia askari jina, akasema hayupo. Nikampa mfuko wa kurti, za mwaka huu, nikamwomba aupeleke tu ndani. Akaurudisha, akasema tena hayupo, na asiyekuwepo hapelekewi kitu.

Imangazi alikuwa ananisubiri barabarani, mbali na kijiji. Aliona mkokoteni una mtu mmoja, lakini alikuja mpaka karibu, akatazama nyuma ya magunia.

"Wamesemaje?"

"Wamesema tusubiri," nikamwambia.

"Mpaka lini?"

"Hawakusema."

Akachukua mfuko wa kurti mkononi mwangu, akaupima uzito, bado umejaa vilevile, akatangulia nyumbani.